Mahali pa Giaboksi

Wenzangu wa kwaya, tangu nirudi nimemsimulia kila mmoja wenu kipande chake, na sasa nasikia vipande vyenyewe vimeanza kugombana. Ati nilimpoteza Mama sokoni Chwele. Ati nusura nifukuzwe kwa mzee wa watu huko Sirisia. Ati tulirudi na bibi harusi ndani ya buti. Yote yana ukweli kidogo. Kwa hivyo nimechemsha chai, nimekaa, naandika safari nzima mara moja. Atakayebaki na swali, shauri yake.

Chura mnamjua. Ni lile gari la Mama jekundu, la milango miwili na viti viwili tu, ambalo taa zake hulala ndani ya boneti na kuinuka unapoziwasha, kama macho ya chura. Mama alilinunua miaka ile akiuza viazi kwa lori, kutoka kwa mtaalamu fulani wa mbegu aliyekuwa anarudi kwao. Wanaume wa Kitale walicheka mpaka wakachoka: mama mzima, mke wa mtu, na gari la vijana! Akawajibu, "Viazi ni vyangu, na mgongo uliovibeba ni wangu." Baba alipofariki na magoti ya Mama yakaanza kumsumbua, Chura akasukumwa chini ya banda la mahindi, na kuku wakapata pa kutagia.

Sasa mimi nimehamishiwa shule moja karibu na Chwele, nafundisha Kiswahili. Na Mama amekuwa akisahau. Mchana Mama Flo wa jirani hukaa naye, lakini jioni asiponiona hutoka nje kutafuta ng'ombe ambao tuliwauza zamani. Muhula uliopita nilijaribu kwenda na kurudi kwa kuunganisha magari, na mara tatu nilimkuta Mama barabarani giza linapoanza kuingia, kamba ya ng'ombe mkononi. Ndugu yangu Kariuki, anayeishi Nakuru, akasema mambo ni rahisi: mimi nipange chumba Chwele, yeye amchukue Mama. Mama akasema atatoka kwake akiwa amebebwa. Tulibishana kwenye simu mpaka tukafika mahali hapa: nikipata gari la kutegemewa kila siku, Mama anabaki. Nisipopata, Kariuki anakuja Jumapili kabla ya shule kufunguliwa, na anakuja na pikapu.

Likizo nzima ikaishia kwa Chura. Fundi wa bodi alikata sakafu iliyooza na kuchomelea bati jipya. Nyaya zilikuwa zimegugunwa na panya, zikawekwa upya zote. Tulimpa rejeta kubwa ya maji na feni ya umeme, maana zamani alikuwa akichemka kila mlima. Breki mpya. Springi ndefu kidogo, ili tumbo lisikwaruze matuta. Kuna kijana mmoja mjini alinifuata kabisa kuniambia ati naharibu gari la mbio. Nikamwambia simpeleki mbioni, nampeleka kazini.

Ikabaki giaboksi. Gia ya tatu ilikuwa ikiruka yenyewe, unaiweka, inatoka, na Kitale nzima hakuna spea yake. Ndipo Barasa, fundi wa Bungoma niliyeelekezwa kwake, akapata habari za Mzee Simiyu wa Sirisia, mwenye gari kama Chura kabisa ambalo bodi yake ilikwisha kwa kutu. Barasa alikwenda akaishusha giaboksi, ikawa nzima. Lakini mzee akakataa kuitoa mpaka aongee na mimi mwenyewe.

Nikampigia Jumanne. Simu niliiweka kwa spika kwa sababu nilikuwa nachambua maharagwe pamoja na Mama. Mzee akasema, "Mwalimu, hiyo giaboksi haitoki hapa bila mahari. Kuja na mahari, tutaongea."

Sasa sikilizeni kosa langu. Mimi nimesahihisha "kura" na "kula" maisha yangu yote. Kule Bungoma "l" na "r" hubadilishana viti bila kuaga, na sisi Wakikuyu hatuna haki ya kucheka, maana darasa la tatu nilichapwa kwa kusema "reo ni Jumanne." Basi nikamsahihisha mzee wa watu kichwani, upesi upesi kama ninavyosahihisha insha: amesema mahari, anamaanisha mahali. Anataka nije na mahali pa kubebea. Nikamjibu, "Mzee, usijali, mahali papo."

"Basi ni sawa," akasema. "Tunawangoja Alhamisi."

Kitale hadi Kiminini

Mama Flo alikuwa na matanga kwao, kwa hivyo Mama ikabidi twende naye. Nilifikiri atanung'unika. Wapi! Alfajiri nilimkuta sebuleni amevaa koti la Jumapili na kitambaa cha kijani kichwani, mkoba wake mweusi umejaa mpaka zipu inalia. Nikamuuliza amebeba nini. Akasema, "Vitu vya safari." Mimi nilikuwa na haraka, nikaenda kutandika magunia mawili safi ndani ya buti. Mahali pa giaboksi.

Hatujafika hata lami, akaniuliza, "Wambui, tumefunga mlango wa ng'ombe?"

"Mama, ng'ombe tuliwauza."

"Eh. Sawa."

Gia ya tatu ikaruka tukitoka mjini. Nikairudisha, ikaruka. Mama akanitazama kama dereva anayemtazama mwanafunzi, akaweka mkono wake wa kulia juu ya gia, akaikandamiza, ikatulia. Tangu hapo ikawa hivyo: nikibadilisha nasema "tatu," yeye anashika. Hakukosea hata mara moja. Mama huyu huyu aliyesahau jina la mchungaji.

Kiminini polisi wakatusimamisha. Kumbe nilipogusa swichi ya taa, jicho moja la Chura liliinuka na jingine likakataa, na tulikuwa tumetembea hivyo sijui tangu wapi. Afisa akazunguka gari polepole, akainama dirishani kwangu.

"Madam, kwani hii gari inanikonyeza?"

Mama akamjibu kabla sijafungua mdomo. "Inakusalimia. Itikia."

Yule bwana alicheka mpaka akashika kofia. Akaangalia karatasi, zote sawa, halafu yeye mwenyewe akalisukuma lile jicho kwa kiganja, taratibu, likalala. "Endeni salama, shosho," akamwambia Mama. Mama akasema yeye si nyanya wa mtu asiyemjua.

"Wambui, tumefunga mlango wa ng'ombe?"

Kamukuywa hadi Kimilili

Mvua ilitupata Kamukuywa, ile mvua isiyo na adabu. Tukaegesha mbele ya kibanda cha chai, tukakaa saa nzima na nusu. Mwenye kibanda alituletea chai ya maziwa na viazi vitamu vilivyochemshwa, vinatoa moshi. Mama alikula viwili, akavisifu, kisha akamwambia mwenye navyo vimechelewa kuvunwa wiki moja. Yule mama akasimama na birika mkononi, akasema, "Ai! Umejuaje?" Wakaingia kwenye mazungumzo ya mbegu mpaka mvua ikakatika, mimi nikihesabu saa.

Kutoka pale tulifuata trekta la miwa nyuma, mwendo wa konokono, mlima mbele yetu. Zamani hapo ndipo Chura angechemka. Niliutazama mshale wa joto mpaka macho yakaniuma. Joto likapanda, likapanda, kisha nikasikia feni inaanza, vuuu, na mshale ukarudi chini kama mtoto aliyeitwa na mama yake. Jamani, nilipiga makofi! Peke yangu, ndani ya gari. Mama akauliza ni nani ameokoka.

Kimilili tulisimama kuongeza upepo gurudumu la nyuma, na vijana wa bodaboda wakajaa.

"Niaje mathe! Hii mtambo ni ya nani?"

"Ni yangu," Mama akasema. Akaninyooshea kidole. "Huyu ni dereva."

"Dere, sasa!" wakanisalimia. Mwalimu mzima wa miaka ishirini na mbili darasani, nikaitikia.

Chwele

Chwele ilikuwa siku ya soko, na barabara imejaa pikapu za kabichi, pikipiki zenye mbuzi mapajani, na watu wanaoongea na magari kana kwamba ni watu. Niliegesha kando ya duka moja la mbolea. Nikamwambia Mama, "Kaa hapa hapa, nanunua maji." Niliporudi kiti kilikuwa kitupu na mlango wazi.

Sitawaficha. Nilikimbia. Niliita jina lake mstari wa nyanya, mstari wa dagaa wa omena, mstari wa nguo. Niliwauliza watu, "Mmeona mama mzee, kitambaa cha kijani?" na kila mmoja ananionyesha upande wake. Mmoja alinipeleka mpaka kwa mama mwingine kabisa mwenye kitambaa cha kijani, anauza vitunguu. Ilikuwa kama nusu saa. Kichwani nilimsikia Kariuki akiniuliza, "Ulimwacha wapi?"

Nilimpata kwenye kuku. Amechuchumaa, magoti yale yale mabovu, amemshika jogoo mkubwa mwekundu kwa mabawa, anampulizia manyoya ya kifua na kumwambia muuzaji kwamba jogoo huyu ni mzee, amevaa tu vizuri. Ameshalipa. Mwenye kuku anacheka, anatafuta kikapu.

Badala ya kushukuru Mungu nikawaka. "Mama, jogoo wa nini? Nani anaenda kununua giaboksi na jogoo?" Watu wakageuka. Na mimi, mjinga, nikaendelea. "Kariuki ana haki! Wewe hufai kuachwa hata dakika moja!"

Alisimama polepole. Alibeba kikapu chake mpaka garini, akakiweka mapajani, jogoo ametoa kichwa anaangalia Chwele. Tulipotoka nikasema, "Tatu." Mkono wa Mama haukusogea. Nikasema tena. Alikuwa anatazama nje. Tulikwenda na gia ya pili mpaka Sirisia, injini inalia njia nzima, na nilijua ninalia nayo.

Sirisia

Kwa Mzee Simiyu ni mbele kidogo ya senta ya maduka, nyumba ya mabati mekundu, ua umefagiwa mpaka unaona mistari ya ufagio. Alikuwa karani wa chama cha ushirika kabla ya kustaafu. Nilishangaa kumkuta amevaa suti, na viti vimepangwa nje, kila kimoja kimevikwa kitambaa kilichofumwa. Mkewe, Mama Rosa, alisimama nyuma yake na leso mpya. Nikasema moyoni, watu hawa wana heshima sana kwa biashara ya spea.

Tukasalimiana. Mama alibaki garini na jogoo wake.

"Mmekuja wawili tu?" mzee akauliza.

"Ndiyo, Mzee, wawili."

"Haya. Na mahari?"

Nikafungua buti kwa furaha. "Hii hapa. Nimetandika na magunia, haitachubuka."

Alisogea. Aliangalia ndani ya buti kwa muda mrefu, kama mtu anayetafuta kitu alichoangusha kisimani. "Hapa kuna nini?"

"Mahali," nikasema.

"Mwalimu." Akavua miwani. "Mimi nilisema mahari. Ma-ha-ri. Ile ya kuoa."

Mama Rosa akaziba mdomo kwa leso. Mimi nilisikia masikio yanawaka moto.

"Umenisahihisha," mzee akasema. Hakupaza sauti, na hiyo ndiyo ilikuwa mbaya zaidi. "Miaka yote nimeandika mihutasari ya ushirika kwa Kiswahili, na wewe umekaa Kitale ukanisahihisha kwa simu. Na uliposema mahali papo, mimi nikakutetea! Nikamwambia huyu mama, ni Mkikuyu, anaogopa 'r' yake, imemgeukia 'l'."

Nikajaribu kuomba radhi, nikatoa bahasha. Hapo ndipo nilipoharibu kabisa. Aliiangalia bahasha asiiguse. "Wengine pia walikuja na pesa mkononi kama wananunua kabichi. Wawili. Hata jina rake hawakuuriza. Nikawaambia waende." Akikasirika, "l" zilianza kumtoka. "Hiyo gari ilinipeleka kazini, ilileta watoto wangu wote kutoka hospitali. Sitoi kitu chake kama chuma chakavu. Mama Rosa, rudisha viti."

Alishika kiti cha kwanza mwenyewe. Na mimi nilisimama pale na buti wazi, nikaona pikapu ya Kariuki, nikaona godoro la Mama limefungwa kamba juu yake. Kiswahili chote kilinitoka.

Mlango wa Chura ukafunguka. Mama alitoka kidogo kidogo, mguu mmoja, halafu mwingine, kikapu mkononi, mkoba begani. Alijinyoosha koti.

"Mkwe," akasema, "msamehe huyu mtoto. Amesoma sana."

Mzee akasimama na kiti hewani.

"Sisi tumetoka Kitale," Mama akaendelea, sauti ile ya zamani, ya kupanga bei na watu wa lori. "Tumepita maboma mengi. Lakini kuna ua tumeliona kwako, tukasema, hatuwezi kupita bila kubisha. Mkwe haji mikono mitupu." Akamwinua jogoo.

Kiti kikarudi chini. Mzee akavaa miwani. "Karibu ukae, mama," akasema. Mimi hakuna aliyenikaribisha, nikakaa kwenye ukingo wa buti.

"Msichana anaitwa nani?" Mama akauliza.

Uso wa mzee ulibadilika, na Mama Rosa akamwangalia mumewe. "Nekesa," akasema taratibu. "Nilimnunua wakati wa mavuno, na kwetu msichana wa mavuno ni Nekesa. Na kijana?"

"Chura. Ana moyo mzuri. Ila gia ya tatu haimkai."

"Ana kazi?"

"Kila siku Chwele na kurudi. Hanywi ovyo."

Mama Rosa alicheka mpaka akakaa chini. Mzee mwenyewe alijikaza, posa ni posa. "Sasa mama, mahari ya kwetu ni ng'ombe. Mmekuja na ng'ombe?"

Nilifumba macho. Mnajua nilichoogopa. Asubuhi ile pekee alikuwa ameniuliza mlango wa ng'ombe mara mbili.

"Ng'ombe tuliwauza," Mama akasema. "Sitakudanganya, mkwe. Wa mwisho alilipa karo ya huyu aliyekusahihisha."

Akafungua mkoba mweusi. Akatoa sukari pakiti mbili, zile zilizokuwa kabatini mwetu. Akatoa majani ya chai. Akatoa blanketi la maua nililomnunulia Krismasi, bado liko kwenye karatasi yake. Alivipanga kimoja kimoja kwenye mapaja ya Mama Rosa. Kumbe alikuwa amepakia tangu Jumanne! Alikuwa amesikia simu ile ile niliyoisikia mimi, na yeye alisikia kilichosemwa.

Mzee alimpokea jogoo kwa mikono miwili. Bahasha nayo Mama akaniashiria niitoe tena, akaiweka chini ya blanketi, ikapita bila mtu kuitaja. "Mahari haimalizwi," mzee akasema. "Hiyo mnajua. Sharti langu ni moja: msichana arudi kutusalimia. Na wewe mama uje naye."

"Tutakuja," Mama akasema.

Tulikula. Kuku wa kienyeji, ugali wa wimbi, na mboga ya mrere inayoteleza yenyewe kooni. Wote tunajua firigisi huliwa na nani katika boma la watu wa huku: mzee mwenye nyumba, na ole wako mpishi ukiipoteza. Mzee Simiyu aliichukua kwenye sahani yake, akaiweka kwenye sahani ya Mama. "Leo mwenye posa ndiye mzee," akasema. Mama aliila bila haraka.

Nekesa alikuwa nyuma ya nyumba chini ya turubai, rangi ya samawati iliyopauka, hana magurudumu. Giaboksi ilikuwa kando yake juu ya gunia, imepanguswa inang'aa. Mzee na jirani yake wakatusaidia kuibeba. Alipoilaza ndani ya buti aliyaangalia magunia yangu, akaniangalia mimi.

"Mwalimu, hata hii mahali ni nzuri," akasema. Tukacheka wote, na kidogo nikalia.

Bungoma

Karibu na Chwele tena, nikasema, "Mama, nisamehe kwa yale niliyosema sokoni."

"Sokoni kulikuwa na nini?"

Nilimtazama. Alikuwa anaangalia barabara, uso umetulia. Mpaka leo sijui kama alisahau au alinisamehe, na nimeamua kutouliza. Nikasema, "Tatu." Mkono wake ukaja.

Barasa alitupokea kwenye gereji yake jioni. Ni mtu mpole, mwili mkubwa, anaongea na bolti kama anazibembeleza. "Rara usiogope, Mwalimu," akaniambia. "Kesho Chura anatembea." Safari hii sikumsahihisha mtu. Tukalala kwenye nyumba ya wageni ya kanisa, na nikalala kweli.

Kesho yake hakutembea. Ilikuwa giaboksi ya mwaka mwingine kidogo, na kibao cha kuishikilia chini kilikataa kulingana na matundu kwa upana wa kidole. Ikabidi kichomelewe kingine. Barasa akaanza kupima, umeme ukapotea. Tulikaa Ijumaa yote tukiungoja. Mama alikalia kiti cha Chura kilichotolewa nje, akamenya njugu na mke wa Barasa, akiuliza habari za ng'ombe kila baada ya muda, na mke wa Barasa akimjibu kila mara kama ni mara ya kwanza. Mimi nilitembea gereji mpaka nikajua mafuta yamemwagika wapi. Kariuki akapiga simu. Nikamwambia tuko Bungoma. Akasema, "Jumapili niko hapo, Wambui. Tafadhali usinifanye mimi kuwa mtu mbaya." Nilitamani kumtukana, lakini sauti yake ilikuwa imechoka kama yangu.

Umeme ulirudi Jumamosi mchana. Jioni Barasa alinipa ufunguo. Tulizunguka mpaka Kanduyi na kurudi, na nilipofika gia ya tatu Mama akanyoosha mkono kama kawaida.

"Achilia, Mama."

Aliachilia. Gia ikakaa. Nikapiga tuta, ikakaa. Nikapunguza, nikaongeza, ikakaa kama imeolewa. Mama aliurudisha mkono wake mapajani, akautazama, na nikaona kwamba kazi yake imekwisha na ameona hivyo. Basi nikauchukua nikauweka tena juu ya gia, hivyo hivyo tu. Hakuukataa.

Nyumbani

Jumapili tulitoka mapema, na kutoka Bungoma mpaka nyumbani hakuna la kusimulia. Hilo ndilo nililokuwa natafuta likizo nzima. Tulipita Kiminini, na yule afisa hakuwepo, Mama akasikitika.

Pikapu ya Kariuki ilikuwa tayari uani. Alikuwa amekaa kwenye ngazi, amefungua vifungo vya shati, na nyuma ya pikapu niliona kamba mpya. Aliinuka akamkumbatia Mama muda mrefu.

"Mama, mlikuwa wapi siku zote hizi?"

"Tulienda kumposea Chura," Mama akasema. "Tumempata msichana mzuri wa Sirisia. Anaitwa Nekesa. Tumelipa jogoo."

Kariuki alinigeukia, macho yamejaa maji. "Wambui. Unasikia? Unasikia hali imefika wapi?"

"Kariuki, ni kweli," nikasema.

"Ni kweli nini?"

"Yote. Na jogoo pia." Nikamrushia ufunguo. "Nenda mpaka mjini urudi. Ukiweka tatu, achilia."

Alikwenda. Nilimsikia Chura akipanda barabara, moja, mbili, tatu, na ile tatu nikaisikia inakaa mpaka sauti ikapotea. Nilimweleza Mama Flo, aliyekuwa amerudi kutoka matangani, kisa chote jikoni, naye akamwaga unga kwa kicheko. Kariuki aliporudi hakushuka haraka. Alikaa ndani ya gari na mikono kwenye usukani. Alikuwa na miaka tisa Mama alipomfundisha kubadilisha gia mle mle, kwa siri, Baba akiwa shambani.

Mama alikuwa ametoka nje. Aliangalia bonde, jua, akaanza kunyoosha kitambaa chake cha kichwa, ile dalili ninayoijua.

"Tumefunga mlango wa ng'ombe?"

Nilifungua mdomo kusema tuliwauza, kama ninavyosema siku zote. Kariuki akanitangulia. Alishuka, akapita nyuma ya banda la mahindi mpaka kwenye zizi, ambalo lango lake limelala wazi miaka mingi na majani yameota katikati. Tulimsikia akiyang'oa. Tukasikia lango likikwaruza chini, kisha komeo. Akarudi anapangusa mikono kwenye suruali yake nzuri ya kanisani.

"Nimefunga, Mama."

"Eh. Sawa," Mama akasema, na akaingia ndani kuweka chai.

Kariuki alikunywa vikombe viwili, akarudi Nakuru na pikapu tupu. Ile kamba aliiacha.

Jumatatu nilikwenda kazini na Chura, nikarudi jua bado liko juu. Na sasa kila jioni, kabla sijaingia ndani, nafungua lango la zizi kidogo na kulifunga tena kwa nguvu, ili Mama alisikie.